'Na Krismasi yangu iko wapi?'

KUANZIA katikati ya Desemba, salamu hubadilika mtaani. Soja wa ploti, ambaye mwaka mzima hukufungulia geti kwa "habari ya jioni" tu, sasa anatabasamu, anaushikilia mlango kidogo, kisha: "Madam, na Krismasi yangu iko wapi?"

Sote tunaelewa. Hakuulizi tarehe wala kanisa utakaloenda. Hapa kwetu Krismasi ni sikukuu, ndiyo, lakini pia ni kitu kinachotoka mfukoni: unampa mtu Krismasi, unamnyima Krismasi, unamtumia Krismasi yake kwa M-Pesa. Wanaoiita Krisi wanaidai vivyo hivyo.

Jina lenyewe halikuanza na pesa. Ni la Kiingereza, lililoundwa kwa maneno mawili, Kristo na misa. Noeli, ambalo utalisikia zaidi kwa Wakatoliki, lilipitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini la kuzaliwa. Sijawahi kusikia mtu akidai Noeli yake getini.

Lakini tusidhani hii ni tamaa ya Nairobi tu. Huko Uingereza zamani, vijana wa kazi walikuwa na kisanduku cha kutiliwa sarafu msimu huo. Samuel Pepys aliandika katika shajara yake, Desemba 1663, kwamba alipoenda kumlipa fundi wake wa viatu alitia chochote katika kisanduku cha vijana wa pale. Wengi husema visanduku hivyo ndivyo vilivyoipa Boxing Day jina. (Serikali yetu iliiita Siku ya Utamaduni mwaka 2020, lakini jina la zamani likarudi.) Nako Pwani, watoto hupita nyumba kwa nyumba wakitaka mkono wa Idi, na hakuna anayewaona wakora.

Kinachonikera ni neno hili likitumiwa na mtu ambaye hana haki nalo. Desemba iliyopita nilienda ofisi fulani kuchukua cheti changu. Kilikuwa tayari, nakiona mezani. Karani akakiwekea mkono juu. "Sasa si utuachie Krismasi, siz?" Nikatoa mia tano. Tena nikacheka, nikamtakia sikukuu njema!

Sheria ya Hongo ya 2016 haina msimu. Angesema "toa hongo" ningekataa, pengine hata ningepiga kelele. Lakini alisema Krismasi, nami nikaogopa kuonekana mchoyo. Hapo ndipo neno zuri linapokuwa hatari: anayekataa ndiye anayeona aibu, si anayeomba.

Jioni hiyo soja akaniuliza ile yake. Nikamwambia sina, na kweli sikuwa na kitu. Iliyokuwa yake nilikuwa nimeiacha kwa karani. Huyu ni mtu ambaye angekesha getini tarehe 24, watoto wake wakiwa ushago. "Sawa tu, madam," akasema.

Asubuhi ya tarehe 25 nikatoka na begi kwenda stejini. Ni yeye aliyenifungulia. Nikampa mia tatu, akazipokea kwa mikono miwili, akaziangalia.

"Asante, madam. Hii ni ya Krismasi ama ya Njaanuari?"