Watu Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunaona kuwa hata watu huisha vivyo hivyo, na ushahidi tunauleta kutoka Uingereza.

Mwingereza amtafutaye babu yake wa karne ya 18 huanza na sanduku la nyumbani: barua, wasia, na Biblia ya ukoo iliyoandikwa tarehe za waliozaliwa na waliokufa. Kisha huyalinganisha hayo na daftari za parokia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Na tangu 1598 nakala zilipelekwa kwa askofu kila mwaka. Kwa hiyo daftari likiungua au kuoza, huenda nakala ikasalimika.

Hata hivyo, msomaji wa daftari hizo hana budi kuwa na hadhari. Kabla ya 1752, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Watu waliooana Mei 1740 wakabatiza mtoto Februari 1740 hawakuvunja heshima, kwani Februari hiyo kwa hesabu ya leo ni ya 1741. Asiyelijua hilo atawasingizia marehemu.

Linalotugusa zaidi ni habari za makabwela. Bwana mwenye ardhi aliacha picha na kaburi la mawe. Kabwela hakuacha kitu. Lakini chini ya sheria ya 1662, maskini aliyehofiwa kuwa mzigo aliweza kurudishwa kwa nguvu katika parokia yake. Mbele ya mahakimu aliapishwa, akaulizwa alikozaliwa na alikofanya kazi, na majibu yake yakaandikwa. Sheria ile ilikuwa katili. Lakini kwa karatasi zake, vitukuu vya wanyonge hao leo wanawajua wazee wao.

Katika visiwa vyetu wako wazee walioandika vizazi vya watoto wao ndani ya majalada ya misahafu. Tunawasihi wananchi wasiziache kurasa hizo zikaliwa na mchwa. Nao watumishi wa Serikali waliokabidhiwa daftari za vizazi, ndoa na vifo wajue kwamba wameshika amana. Karatasi ya nyumbani huhitaji shahidi, na shahidi huyo ni daftari la umma lililotunzwa vyema.