Mashine Pepe na Ugonjwa wa Mwenyeji Wao

Muhula uliopita wengi wetu tuliona jambo la ajabu katika chumba cha kompyuta. Mwalimu anaandika alama za Kidato cha Nne, mara herufi zinakataa kuonekana. Mtunza maktaba naye anabonyeza bila kupata jibu, na vijana wa Kidato cha Pili walio katika mazoezi wanabaki wakitazamana. Baada ya nusu dakika hivi mambo yote yanaendelea kana kwamba hapana lililotokea. Mara mbili mwalimu alichoka kungoja, akaizima mashine kwa nguvu, na alama za darasa zima zikabidi kuandikwa upya. Lawama ilimwangukia kwanza mwanafunzi mmoja aliyedhaniwa kucheza michezo wakati wa kazi. Kwa kuwa lawama hiyo haikuwa ya haki, nimeonelea nieleze habari yenyewe ilivyokuwa.

Kwanza yafaa msomaji ajue kwamba kompyuta hizo tatu, ya alama, ya maktaba na ya mazoezi, kwa kweli si tatu. Chini ya meza ya mwalimu ipo kompyuta moja yenye nguvu, nayo imegawanywa kwa programu ikawa kama tatu. Zile tuzionazo mezani ni madirisha tu ya kuzifikia. Kompyuta za namna hii huitwa mashine pepe. Kila moja huamini kwamba ina prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake, kumbe vyote ni vya kuazimwa. Jambo hili si geni: mwaka 1967 mfumo wa IBM ulioitwa CP-40 ulikuwa ukifanya kazi hivyo huko Cambridge, Marekani. Sisi twatumia KVM, ambayo iliingizwa katika kerneli ya Linux mwaka 2007. Kompyuta ya kweli huitwa mwenyeji, na zile pepe ni wageni wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mambo ni kinyume, maana mwenyeji akiugua, wageni wote hulala njaa.

Kerneli ni kiini cha mfumo. Ndiyo igawayo prosesa na kumbukumbu kwa wote wazitakao. Lakini haijui kusema na kila kifaa kwa lugha yake, basi kwa kila kifaa hutumia kipande cha programu kiitwacho draiva, mfano wa mkalimani. Mgeni anapotaka kuandika katika diski, ombi lake hupita kwa mwenyeji, kerneli ya mwenyeji humpa mkalimani, na mkalimani huiamrisha diski. Mkalimani akinyamaza, mgeni hungoja tu. Hana macho ya kuona yaliyo nje ya nyumba yake.

Hapo ndipo tulipopotea. Tulisoma kumbukumbu za matukio ndani ya mgeni wa alama, hatukukuta neno. Sababu yake twaijua sasa: kwa kawaida kerneli ya Linux hailalamiki juu ya kazi iliyokwama mpaka zipite sekunde 120, na kusimama kwetu hakukufika hata robo tatu ya dakika. Sisi tukadhani mgeni ameharibika, tukamsimika upya tangu mwanzo. Kazi hiyo ilitula Jumamosi nzima, na Jumatatu akasimama tena.

Mwalimu wetu akatuuliza swali moja: je, husimama mmoja au wote? Tukaweka daftari karibu na kila meza, tukaandika saa na dakika. Wote watatu walikuwa wakisimama wakati uleule. Angesimama mmoja tu, tungemshuku yeye. Lakini wageni watatu hawawezi kupatana kuugua kwa dakika moja. Tukajaribu na jambo la pili, tukawapigia pingi wakati wamesimama. Wakajibu upesi. Kumbe prosesa zao zilikuwa zikienda na mtandao ulikuwa mzima; kilichokosekana ni diski.

Ndipo tukamwendea mwenyeji. Amri ya top ilionyesha kwamba prosesa yake haina kazi nyingi, bali muda mwingi wapita katika kungoja diski. Zilikuwako kazi katika hali ya D, yaani zinangoja kifaa na haziwezi kuondoshwa hata kwa amri ya kuua. Amri ya dmesg ikatoa ushahidi wenyewe: kila mara draiva ya diski ilitoa amri, ikangoja, muda ukaisha, ikakianzisha kifaa upya. Katika Linux muda huo wa kungoja diski kwa kawaida ni sekunde 30. Ndiyo nusu dakika yetu!

Hata hivyo hatukuwa na haki ya kuihukumu draiva papo hapo, maana diski inayokufa na waya mbovu huleta dalili zizo hizo. Tukabadili waya, haikusaidia. Tukaipima diski kwa kipimo chake cha SMART, haikuonyesha kasoro. Ndipo mmoja wetu akakumbuka kwamba kerneli ya mwenyeji ilikuwa imebadilishwa kwa toleo jipya juma lile lile matatizo yalipoanza. Tukamwasha mwenyeji kwa kerneli ya zamani, bila kugusa kitu kingine chochote. Siku tatu zikapita kwa amani. Tukairudisha kerneli mpya, na kabla ya kipindi kwisha wageni wote wakasimama.

Nionye kwamba si kila kusimama ni kwa namna hii. Mgeni akikosa kujibu hata pingi, kisha akalalamika kwamba prosesa yake imekwama kwa sekunde 20 na zaidi, huenda mwenyeji amemnyima zamu ya prosesa. Hapo yafaa kutazama ndani ya mgeni hesabu ya muda ulioibwa, ambayo top huionyesha kwa herufi st.

Sasa mwenyeji anatumia kerneli ya zamani, na taarifa pamoja na maneno ya dmesg tumewapelekea watunzaji wa draiva. Toleo jingine likitoka tutalijaribu wakati wa likizo, alama zikiwa zimekwisha kuandikwa. Yule mwanafunzi aliombwa radhi mbele ya darasa lake.