Mvinyo mwekundu wa mchanganyiko: Namna kiwanda kidogo cha familia kinavyoweza kuuza kwa bei nafuu bila kushusha ubora

DODOMA: Mkulima wa zabibu hana muda mrefu wa kusubiri soko. Zabibu ya mvinyo ikishaiva haivumilii kukaa shambani kama mtama, wala haihifadhiki ghalani kama alizeti. Mnunuzi akichelewa, tunda hunyauka, hushambuliwa na ndege na nyuki, na hatimaye huozea kwenye mzabibu. Hiyo ndiyo sababu inayozifanya baadhi ya familia za wakulima mkoani Dodoma kusindika zabibu zao wenyewe na kutengeneza mvinyo wa mezani wa bei nafuu, badala ya kutegemea viwanda vikubwa pekee.

Bidhaa inayozifaa zaidi familia hizo ni mvinyo mwekundu wa mchanganyiko, yaani mvinyo unaotokana na aina zaidi ya moja ya zabibu, au na mavuno ya misimu tofauti. Wapo wanunuzi wanaodhani kwamba neno "mchanganyiko" linamaanisha mvinyo uliotiwa maji, rangi au pombe ya bei rahisi. Dhana hiyo si sahihi. Kuchanganya ni hatua halali ya utengenezaji wa mvinyo duniani kote, na kwa msindikaji mdogo ndiyo njia ya kupata ladha isiyobadilikabadilika kwa gharama ndogo.

Zao lenye misimu miwili

Kilimo cha zabibu kilianzishwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki, na historia ya zao hilo inahusishwa na misheni ya Bihawana katika miaka ya 1950. Leo mizabibu hulimwa katika maeneo mbalimbali, yakiwemo Hombolo, Mpunguzi na Mbabala katika Jiji la Dodoma, pamoja na Chinangali katika Wilaya ya Chamwino. Utafiti wa zao hilo unasimamiwa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kupitia kituo chake cha Makutupora.

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake ni chache, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Katika nchi za baridi, mzabibu hulala wakati wa kipupwe na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na takriban miezi minne baadaye matunda huwa tayari. Kwa utaratibu huo, shamba moja huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida kuanzia Februari hadi Machi, na tena kuanzia Agosti hadi Septemba.

Mavuno hayo mawili hayafanani. Zabibu zinazoiva wakati wa mvua hunywa maji mengi, hivyo sukari yake hupungua na uchachu huongezeka. Pia hushambuliwa kwa urahisi na magonjwa ya ukungu, hasa ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Zabibu za kiangazi huiva chini ya jua kali na anga kavu, zikawa na sukari nyingi, rangi iliyokolea na uchachu mdogo. Mvinyo wa mavuno ya mvua pekee unaweza kuwa mwepesi na mkali ulimini, ilhali ule wa kiangazi pekee unaweza kuwa mzito wenye kilevi kingi. Vikichanganywa kwa uwiano unaofaa, kila kimoja huziba pengo la mwenzake.

Aina za zabibu na kazi ya kila moja

Aina nyekundu inayojulikana zaidi kwa wakulima wa Dodoma ni Makutupora Red, ambayo imezoea mazingira ya mkoa huo. Aina hiyo ndiyo msingi wa mivinyo mingi myekundu ya Dodoma. Ipo pia Syrah, inayolimwa kwa kiasi kidogo zaidi, ambayo huupa mvinyo harufu inayokaribia ya viungo kama pilipili manga. Kwa upande wa mvinyo mweupe, aina inayotumika sana ni Chenin Blanc.

Familia yenye shamba kubwa la Makutupora Red na safu chache za Syrah haina haja ya kutengeneza mivinyo miwili ya kuuza. Kwa mfano, inaweza kutumia sehemu saba za Makutupora Red na sehemu tatu za Syrah, ikapata mvinyo mmoja wenye harufu nzuri kwa gharama inayohimilika. Uwiano huo si kanuni. Hupatikana kwa kupima kiasi kidogo katika chupa za majaribio, kuonja, kuandika kumbukumbu, kisha kuzidisha vipimo hivyo hadi kufikia ujazo wa tangi zima.

Hatua za utengenezaji

Zabibu huvunwa asubuhi kabla ya jua kuwa kali, huchambuliwa ili kuondoa zilizooza, kisha hutenganishwa na vikonyo na kupondwa. Kwa mvinyo mwekundu, maganda hayaondolewi mapema, kwa kuwa ndiyo yenye rangi na ule ukakasi unaosikika mdomoni. Juisi, maganda na mbegu huwekwa pamoja katika tangi, hamira ya mvinyo huongezwa, na uchachushaji huanza.

Hamira hula sukari na kutoa kilevi, hewa ya kaboni na joto. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja ya juisi hutoa takriban asilimia moja ya kilevi. Juisi yenye gramu 204 kwa lita itatoa mvinyo wenye kilevi cha karibu asilimia 12. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kupimia sukari ni miongoni mwa vifaa vya kwanza ambavyo kiwanda kidogo kinapaswa kuwa navyo, kwani humwezesha msindikaji kujua kabla ya kuvuna mvinyo wake utakuwa na nguvu kiasi gani.

Joto ndiyo changamoto kubwa zaidi. Mvinyo mwekundu huchachuka vizuri katika nyuzi joto 25 hadi 30 za Selsiasi. Joto likizidi sana, hamira hufa kabla ya kumaliza sukari na ladha huharibika. Baada ya siku kadhaa, maganda hukamuliwa, mvinyo huachwa utulie, kisha huhamishiwa tangi jingine ili kuuacha mashapo nyuma. Hewa ikiachwa iingie kwa muda mrefu, bakteria hugeuza mvinyo kuwa siki. Usafi wa matangi na kuyajaza hadi juu ni mambo yanayoamua kama juhudi za msimu mzima zitaishia kwenye chupa au zitamwagwa.

Bei nafuu inatoka wapi

Tani moja ya zabibu hutoa takriban lita 600 za mvinyo, au zaidi kidogo kulingana na ukamuaji. Kiasi hicho kinatosha kujaza chupa 800 za mililita 750. Kwa maneno mengine, chupa moja inahitaji kilo moja na robo ya zabibu. Kwa familia inayolima yenyewe, zabibu si gharama pekee, na mara nyingi si gharama inayoumiza zaidi. Chupa, kizibo, lebo, stempu ya kodi na usafiri huongezeka juu yake, na gharama hizo hazipungui kwa sababu mvinyo unauzwa bei rahisi.

Mvinyo wa mezani hupunguza gharama kwa njia tatu. Kwanza, haukomazwi katika mapipa ya mwaloni, ambayo huagizwa kutoka nje kwa bei kubwa. Matangi safi ya chuma kisichoshika kutu au ya plastiki maalumu ya vyakula yanatosha. Pili, haukai kiwandani kwa miaka, hivyo fedha ya familia hurudi mapema na kugharamia upogoaji na dawa za msimu unaofuata. Tatu, mchanganyiko huiwezesha familia kutumia mavuno yake yote mazuri ya misimu yote miwili, badala ya kuuza kwa hasara yale ambayo mnunuzi mkubwa hakuyachukua.

Kodi nayo ina nafasi yake. Ushuru wa bidhaa kwa mvinyo hutozwa kwa kila lita, si kwa asilimia ya bei. Lita ya mvinyo wa bei ya chini na lita ya mvinyo wa bei ya juu katika kundi moja hubeba mzigo ule ule wa ushuru, jambo ambalo huuelemea zaidi mvinyo wa bei nafuu. Ili kulinda soko la zabibu za ndani, sheria imekuwa ikitoza kiwango cha chini zaidi kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu zilizozalishwa nchini kwa zaidi ya asilimia 75. Msindikaji anayeongeza juisi au mvinyo ghafi kutoka nje kupita kiwango hicho hupoteza unafuu huo. Hivyo, kuchanganya zabibu za Dodoma kwa zabibu za Dodoma humlinda mkulima na mnunuzi kwa wakati mmoja.

Taratibu za kufuata

Familia inayotaka kusindika kwa ajili ya biashara haiwezi kuishia jikoni. Inapaswa kusajili biashara yake, kupata leseni ya vileo kwa mujibu wa sheria, kusajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na kuwa na jengo linalokidhi masharti ya usalama wa chakula. Tangu Julai 2019, jukumu la kusimamia usalama wa chakula lilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo pia hutoa leseni ya kutumia alama ya ubora. Wajasiriamali wadogo wanaweza kupata ushauri wa usindikaji na vifungashio katika ofisi za mikoa za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO).

Mvinyo ni miongoni mwa bidhaa za awali kuingizwa katika mfumo wa stempu za kielektroniki, ulioanza kutumika Januari 15, 2019. Aidha, tangu Machi 1, 2017 ni marufuku kufungasha vileo katika vifuko vya plastiki maarufu kama viroba. Msindikaji anayetafuta kifungashio cha gharama nafuu anapaswa kuzingatia katazo hilo.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Bei ndogo peke yake haithibitishi kwamba mvinyo ni mbaya, wala bei kubwa haithibitishi kwamba ni salama. Mwananchi anashauriwa kuangalia yafuatayo:

• Jina la mzalishaji na mahali mvinyo ulipotengenezwa.
• Kiasi cha kilevi kwa asilimia, ujazo wa chupa na namba ya toleo.
• Alama ya ubora ya TBS.
• Stempu ya kodi isiyochanika wala kubandikwa upya, ambayo inaweza kuhakikiwa kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu ya TRA.
• Kizibo kisichofunguliwa, na mvinyo usio na harufu ya siki.

Chupa isiyo na lebo, hata ikitoka kwa jirani anayeaminika, haimpi mnunuzi namna ya kufuatilia tatizo likitokea. Vilevile humnyima soko mzalishaji mwingine aliyetimiza masharti yote na kulipa kodi.

Matumizi yenye uangalifu

Kuitwa mvinyo wa mezani hakumaanishi kwamba unapaswa kunywewa kila siku. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho hakina athari kwa afya. Wajawazito na wanaotumia dawa zinazopingana na pombe hawapaswi kunywa, na anayekunywa asiendeshe chombo cha moto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya umri wa miaka 18.

Kwa anayetumia kinywaji hicho kwa kiasi, chupa ya mvinyo mwekundu wa mchanganyiko yenye lebo kamili na stempu halali inabeba kilo moja na robo ya zabibu zilizopata soko kwa wakati. Kwa familia iliyopogoa, ikavuna na kusindika, chupa hiyo ndiyo inayoamua kama mizabibu itahudumiwa tena msimu ujao au itang'olewa ili kupisha zao jingine.