Lambo la Kukingia Mafuriko na Maana ya Utupu Wake

Neno 'lambo' huwaletea Waswahili wengi fikra ya maji yaliyohifadhiwa: ya kunyweshea mifugo, kumwagilia mashamba na kutumiwa nyumbani wakati wa kiangazi. Hata hivyo, liko lambo ambalo wajenzi wake hutaka sehemu yake kubwa ikae tupu. Hilo ni lambo dogo la udongo lijengwalo ili kukinga mafuriko. Makala haya yanalenga kufafanua tofauti hiyo.

Mfano maarufu uko Marekani, katika bonde la mto Washita, jimbo la Oklahoma. Lambo la Cloud Creek lilikamilika huko mwaka wa 1948, likawa la kwanza katika mpango wa serikali wa kukinga mafuriko kuanzia kwenye vijito. Leo malambo ya mpango huo yamepita 11,000 nchini humo, na zaidi ya 2,000 yamo Oklahoma.

Lambo la aina hii lina sehemu tatu kuu. Kwanza, tuta la udongo ulioshindiliwa. Pili, bomba lipitalo chini ya tuta, ambalo huyatoa maji ya mvua kubwa polepole kwa siku kadhaa. Tatu, mfereji wa dharura wenye nyasi, uliochimbwa kando ya tuta ili kupitisha maji yanayozidi kimo. Mfereji huu ukizibwa, maji hupita juu ya tuta na kulimomonyoa. Mizizi ya miti na mashimo ya wanyama nayo huyafungulia maji njia ndani kwa ndani. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Huko Solai, Kaunti ya Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, lambo la udongo lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Hilo lilihifadhi maji ya shamba, wala halikuwa la kukinga mafuriko. Lakini udongo ni ule ule, na walio chini ya tuta ni binadamu wale wale.

Basi mfasiri anayewaandikia wanakijiji asitosheke na neno 'lambo' pekee. Wakidhani ni la kuwekea maji, wataliziba bomba ili lijae, na mvua kubwa itakaponyesha haitapata nafasi. Aandike bayana: lambo la kukingia mafuriko, lisilojazwa.