Programu za bure zaweza kuokoa mtaji wa mfanyabiashara

MFANYABIASHARA wa mazao aliyeko Mbozi Mission, mkoani Songwe, hupigia hesabu kila kinachopandisha gharama ya gunia: usafiri, ushuru, vibarua na vifungashio. Gharama ambayo ni rahisi kuisahau ni ile ya programu za kompyuta.

Baadhi huikwepa kwa kuwekewa nakala za wizi. Nakala hizo zinakiuka Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Aidha, kifaa kinachotumika kuzifungua kinaweza kuingiza virusi. Daftari la madeni likiharibika katikati ya msimu wa kahawa, hasara yaweza kuzidi bei ya programu halali.

Hata hivyo, ipo njia halali isiyo na malipo. LibreOffice, inayosimamiwa na taasisi ya The Document Foundation tangu mwaka 2010, inaruhusiwa kutumika bure hata katika biashara. Ina sehemu ya kuandikia barua na ankara, na nyingine ya hesabu iitwayo Calc. Hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa baadhi huweza kubadilika kidogo. Ankara ya kumpelekea mteja ng'ambo ya mpaka wa Tunduma huhifadhiwa kama PDF ili isibadilike.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu iliyoizaa LibreOffice.

Faida yake inaonekana kwenye hesabu. Kwa mfano, magunia 100 ya mahindi yakinunuliwa kwa Sh. 60,000 kila moja, na usafiri na ushuru ukiwa Sh. 7,000 kwa gunia, mtaji ni Sh. 6,700,000. Usafiri ukipanda kwa Sh. 1,000, mtumiaji wa Calc hubadilisha tarakimu moja tu, na jumla inakuwa Sh. 6,800,000 papo hapo. Hivyo anajua bei ya kutoshuka kabla lori halijapakiwa.

Wenye kompyuta za zamani nao wana nafuu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Badala ya kununua mashine mpya, mwenye kompyuta anaweza kuweka Linux Mint, ambayo ni bure.

Hata hivyo, bure nayo ina gharama: kifurushi cha intaneti cha kupakulia na muda wa kujifunza. Pia programu hizi hazichukui nafasi ya mashine ya EFD.

Anayetaka kuanza apakue kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, ajaribu kwa hesabu za wiki moja huku daftari la karatasi likiendelea, na kila jioni anakili mafaili kwenye flashi inayowekwa mbali na kompyuta.