Kikohozi Kinachorudi Baada ya Dawa za Kifua Kikuu

Labda wewe, au mtu wa nyumba yako, aliugua kifua kikuu. Alikunywa dawa miezi 6, hakukosa siku, makohozi yake yakapimwa, akaambiwa, "Umepona." Akarudi shambani. Mwaka ukapita, labda miwili. Kisha kiangazi kikaja, vumbi likajaa katika njia ya Nyangwe na Kasongo, na kikohozi kikarudi. Mwili unakonda tena. Asubuhi moja anatema damu. Watu wa nyumbani wanasema, "Ni ugonjwa ule ule. Mpeni dawa zile zile."

Labda ni kweli. Kifua kikuu huwarudia watu wengine, na kwa sababu hiyo makohozi yapimwe kwanza. Lakini uko ugonjwa mwingine unaofanana nacho kama pacha, na dawa za kifua kikuu haziuwezi hata kidogo. Huo huletwa na kuvu.

Kuvu unaijua. Ukiacha karanga au muhogo mahali penye unyevu, baada ya siku chache utaona kitu kama manyoya ya kijani au meusi. Ndiyo kuvu. Aina zake ni nyingi, na moja huitwa aspajilasi. Padre wa Italia, Pier Antonio Micheli, aliipa jina hilo mwaka 1729, kwa maana alipoitazama katika darubini aliona inafanana na chombo ambacho mapadre hunyunyizia maji. Mbegu zake hazionekani kwa macho. Zimo katika udongo, katika majani yaliyooza, katika makapi ya mpunga, nazo hupeperuka hewani. Mimi nazivuta, wewe wazivuta, kila siku. Mapafu mazima huzifagia nje, nasi hatuna habari.

Basi, mbona humdhuru mtu yule aliyepona? Kwa sababu kifua kikuu huacha makovu, na mara nyingine huacha tundu ndani ya pafu, kama mti ulioliwa na mchwa. Vijidudu vimekufa, lakini tundu limebaki. Mbegu za kuvu zikiingia humo, hakuna wa kuzifagia. Huota, hushikamana, na pengine hufanya donge. Mishipa ya damu katika ukuta wa tundu hupasuka, na mtu hutema damu.

Katika mji wa Gulu, kaskazini ya Uganda, waganga waliwachunguza watu waliotibiwa kifua kikuu, wakianza mwaka 2012 na kuwapima wengi wao tena miaka miwili baadaye. Karibu watu 5 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu wa kuvu. Lakini tazama: kati ya wale ambao picha ilionyesha tundu, walikuwa 26 katika kila 100. Kati ya wasio na tundu, hawakufika hata 1 katika 100. Basi tundu ndilo jambo lenyewe.

(Huenda umesikia habari za kuvu ya jangwani, inayowashika watu wa Arizona na California huko Marekani wakivuta vumbi. Hiyo ni nyingine. Hukaa katika udongo wa nchi kame za Amerika, nayo humshika hata mtu mwenye mapafu mazima. Usiogope vumbi la kwetu kwa ajili ya hiyo.)

Mganga wa hospitali hujuaje? Kwanza atakuuliza kikohozi kina muda gani. Kikipita miezi 3, na mwili unapungua na kuchoka, ataanza kufikiri habari ya kuvu. Atapima makohozi. Mwambie waziwazi kwamba ulikwisha kutibiwa, maana mashine ya GeneXpert huweza kuona mabaki ya vijidudu vilivyokufa, ikasema viko. Kisha atataka picha ya kifua, ile tunayoiita radio. Donge la kuvu huonekana ndani ya tundu, na juu yake hewa kama mwezi mwandamo. Mgonjwa akigeuka, donge hugeuka pia. Tena kuna kipimo cha damu kinachotafuta alama za mwili kupigana na kuvu. Si kila hospitali ina kipimo hicho, na pengine utatumwa mbali. Ukitumwa, nenda.

Dawa yake ni itrakonazole, na hunywewa miezi 6 au zaidi. Vidonge vyake vya unga ndani vinywewe pamoja na chakula, si kwa tumbo tupu. Miguu ikivimba, pumzi ikiwa fupi, au macho yakiwa manjano, rudi upesi. Mama mwenye mimba aseme kabla ya kupewa. Na hili ulishike sana: rifampisini, dawa ile ya kifua kikuu inayofanya mkojo kuwa mwekundu, huimaliza nguvu itrakonazole. Mtu akinywa zote mbili pamoja "ili kuwa salama", hapati faida ya hii ya kuvu. Hata dawa za kutuliza kiungulia huipunguza nguvu. Donge likiwa moja, na sehemu nyingine za mapafu zikiwa na nguvu, mganga wa upasuaji huweza kuliondoa kabisa.

Damu nyingi ikitoka, kama ya kujaza kikombe, usingoje asubuhi. Mpelekeni usiku huo huo.

Ugonjwa huu wa kuvu hauambukizi. Makohozi yakikwisha kupimwa na kifua kikuu hakipo, mgonjwa ale sahani moja nanyi, alale nyumba moja nanyi. Ila kazi ya kupepeta mpunga na ya kubomoa paa la majani ya zamani, mwachieni mwingine.

Ukienda hospitali, chukua kadi yako ya zamani ya dawa, na picha ya zamani kama ipo. Mganga ataziweka picha mbili pamoja, aone kama tundu lilikuwa tupu na sasa lina kitu.