Kusomea utangazaji: mtoto atapata kazi?

Juzi kwenye foleni ya maji mama mmoja alitusimamisha. Binti yake amepata diploma ya serikali, sasa anataka kusomea redio. "Wanangu, hiyo ni kazi ama ni kusema-sema tu?" Tuliahidi kumjibu hapa.

Mama, ni kazi. Wanafundishwa kutafuta habari, kuuliza pande zote mbili, kurekodi na kukata sauti kwenye kompyuta. Mwenye lugha nyingi anatangulia, na watoto wetu wako nazo: Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha shule, Kirundi cha sokoni Muyinga.

Mifano iko karibu. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianza kule Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, kwa ajili ya wakimbizi. Kwetu Kongo, Radio Okapi ilianza 2002, na Kiswahili ni moja ya lugha zake.

Lakini tusidanganyane, hatari ipo. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, RPA, Bonesha na Isanganiro zilishambuliwa, na watangazaji wengi wakakimbia nchi, wakawa wakimbizi kama sisi. Isanganiro ilirudi hewani 2016, Bonesha 2021.

Na pesa je? Gitega ni mji mkuu wa siasa tangu 2019. Ila masomo yenyewe mara nyingi ni Bujumbura, kwa mfano Université Lumière. Hesabuni na kodi ya nyumba na chakula. Kuna msaada wa masomo wa DAFI, ulioanza 1992 kwa pesa za Ujerumani, lakini nafasi ni chache. Ulizeni HCR mapema.

Kabla ya kulipa, ulizeni chuo mambo matatu: Serikali inakitambua? Wanafunzi wanashika mikrofoni wenyewe? Kuna staji? Karatasi peke yake haileti kazi. Na redio zikikosa nafasi, ujuzi ule unatumika kwenye mashirika, kwenye matangazo ya afya, hata kupiga video za harusi.

Kwa hiyo mama, usimkatalie. Aanze hapahapa: asome matangazo kanisani au msikitini, asikilize habari kila jioni na kuziandika upya kwa maneno yake. Akidumu miezi mitatu bila kuchoka, basi kaeni kama familia mpange safari.